Google Sheets kwa hesabu za kikoba: uzoefu wangu kama katibu

Kama shida ya kikoba chenu, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, ni kujumlisha hisa tu, kikokotoo cha simu kinatosha. Mimi Google Sheets, programu ya majedwali ya mtandaoni, nimeipendea jambo jingine: inatunza historia. Mtu akigusa namba, inabaki imeandikwa nani kaigusa, saa ngapi, na mwanzo ilikuwa ngapi.

Aliyewahi kukaa kwenye kikoba anajua maneno yanavyoanza. Mwanachama anasema kalipa hisa za elfu hamsini, daftari linasema elfu thelathini, na ile tarakimu imekwanguliwa kwa wembe. Hapo hata mweka hazina mwaminifu anaanza kusemwa pembeni. Siku hizi ukitokea ubishi tunafungua historia mbele ya wote (kwa kazi hii tunaazima laptop ya mtoto wa mwenyekiti), tunarudi hadi tarehe ya kikao husika na kusoma pamoja. Ubishi unaishia hapohapo.

Lakini hilo linategemea mmegawaje ruhusa. Zipo tatu: kutazama, kutoa maoni na kuhariri. Kwetu wanaohariri ni mimi na mweka hazina, kila mmoja kwa akaunti yake. Mkiruhusu kila mwenye linki ahariri, historia inapoteza maana, kwani asiyeingia kwa akaunti haonyeshwi jina. Anakuja kama mnyama asiyejulikana, mara kapibara, mara popo. Inachekesha, ila siyo kwenye pesa za watu.

La kuangalia zaidi ni siri za watu. Ruhusa ya kutazama inatolewa kwa faili zima, siyo kwa ukurasa mmoja wa ndani. Kwa hiyo hisa na mfuko wa jamii tumeviweka kwenye faili ambalo kila mwanachama analiona, na mikopo ina faili lake, linaloonwa na viongozi tu. Linki ikishatupwa kwenye grupu la WhatsApp hujui itaishia kwa nani, na wapo akina mama ambao mikopo yao haijulikani hata nyumbani kwao. Hayo siyo mambo yangu, ila siwezi kuwa mimi wa kuyatoa.

Faili ni mali ya akaunti iliyolifungua, kwa hiyo usilifungue kwa barua pepe yako binafsi. Sisi tulifungua ya kikundi: nywila anayo mweka hazina, na laini inayopokea namba ya uthibitisho anayo mwenyekiti. Ni kama sanduku letu la kufuli tatu, hakuna anayefungua peke yake.

Fomula zenyewe ni chache. SUM inajumlisha, kutoa kwa kawaida kunaleta salio la mkopo, na nimeweka sharti kwamba tarehe ya rejesho ikipita kisanduku kigeuke chekundu. Safu zenye fomula nimezifunga zisiguswe.

Bando si tatizo kubwa. Ukiwa na mtandao unaliwekea faili alama lipatikane nje ya mtandao, kikaoni unaandika, na mtandao ukirudi linajisasisha lenyewe. Hata hivyo, kikaoni aandike mtu mmoja tu. Wawili wakijaza kisanduku kilekile bila mtandao, cha mmoja kitafunikwa.

Huduma ni bure. Akaunti inakupa GB 15 ambazo faili linagawana na barua pepe na picha zako. Majedwali yanachukua nafasi ndogo mno, wanaojaza ni picha.

Vitabu vya wanachama hatujaviacha, kwa sababu wenye vitochi (simu ndogo zisizo za kisasa) hawaoni chochote cha haya niliyoyasema. Baada ya kikao natoa nakala stationery na tunaibandika ndani ya mfuniko wa sanduku. Kikundi ambacho wengi ni wa kitochi na laptop ya kuazima haipo, bora kibaki na daftari kwanza.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu kuandika fomula kwenye kioo kidogo cha simu ni adhabu.