Gari la Japani kwa Kigoma: lipi la kwanza, lipi la mwisho, na eabegi ambayo hakuna anayeiulizia

Mtu wa Kigoma akitaka kuagiza gari Japani huuliza cc ngapi, kilomita ngapi, linakula mafuta kiasi gani na spea zinapatikana wapi. Maswali hayo yana majibu kila gereji ya Mwanga na Gungu, kwa hiyo hapa sitayagusa sana. Malalamiko yanayozidi kutoka Kasulu, Uvinza na Ujiji ni ya aina nyingine: gari limeshushwa Dar, limelipiwa kila kitu, limeendeshwa zaidi ya kilomita 1,200 mpaka nyumbani, ndipo mwenyewe anagundua taa ya SRS haizimiki. Au haiwaki kabisa, jambo ambalo ni baya zaidi.

SRS ni mfumo wa eabegi, ile mifuko ya hewa ya usukani na dashibodi. Gari zote ninazozipanga hapa chini nimezipima kwa kuanzia hapo, kwa sababu ndipo wauzaji wanapotegemea usiangalie.

Kopo la Takata

Ndani ya eabegi nyingi kuna kopo dogo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinawaka na gesi yake inajaza mfuko kufumba na kufumbua. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia ammoniamu naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka kwenye unyevu, na kwenye joto linalopanda mchana na kushuka usiku, vidonge vinachoka na kumeguka. Siku ya ajali vinawaka haraka kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinaruka usoni na shingoni mwa aliyekaa mbele yake. Magari yaliyopigwa rikoli, yaani kuitwa yarudishwe kwa kampuni, kwa ajili ya kubadilishiwa kopo hilo ni makumi ya mamilioni duniani, na Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017. Malaysia, nchi ya joto na unyevu, madereva kadhaa wa Honda walikufa kwa vipande hivyo.

Sasa fikiria gari linalolala nje Kibirizi au Bangwe, ziwa liko pale pale, dashibodi imepikwa na jua tangu asubuhi. Kopo la zamani la Takata haliyawezi mazingira hayo, na kadiri gari lilivyo kuukuu ndivyo hatari inavyokua.

Taa ya SRS haikuambii lolote kuhusu kopo. Taa inapima umeme tu: waya, plagi, sensa. Kopo lililooza ndani linaweza kukaa miaka na taa ikazimika vizuri kila asubuhi. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "taa haiwaki, gari safi" anaongelea kitu kingine kabisa.

Kitu kinachokupa jibu ni namba ya chasisi. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi 17. Lina namba fupi yenye kistari katikati, herufi na tarakimu za modeli upande mmoja na tarakimu sita au saba upande wa pili, mfano NCP61-0000000. Ukiiingiza kwenye tovuti za Marekani au Ulaya itakataliwa, na kukataliwa huko si kwamba gari ni salama. Nenda tovuti ya Japani ya kampuni iliyotengeneza gari, ukurasa wa rikoli, weka namba hiyo. Maandishi ni ya Kijapani, tafsiri ya simu inatosha. Utaona kila rikoli ya gari hilo, na kama kazi ilifanyika au bado. Usitegemee orodha za modeli zinazozunguka WhatsApp: Vitz mbili za mwaka mmoja zinaweza kutoa majibu tofauti.

Ikionekana bado, usilipe kwanza. Mwambie muuzaji alipeleke gari kwa wakala wa kampuni hukohuko Japani. Kazi ya rikoli kule ni bure. Likishapanda meli, bure hiyo umeiacha bandarini. Jua pia kwamba tangu Mei 2018 Japani ilianza kuyanyima shaken, yaani ukaguzi wao wa lazima, magari yenye rikoli ya Takata ambayo hayajabadilishwa. Mwenye gari la namna hiyo ana njia mbili, alipeleke likabadilishwe au aliuze mnadani, na mnada huo ndiko gari lako linakonunuliwa.

Kuna na ujanja wa pili. Kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linalouzwa mnadani Japani, alama R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Gari lililogongwa mbele huenda eabegi zilishafyatuka, na eabegi mpya ni ghali kuliko kifuniko kitupu cha usukani. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya SRS lazima iwake, ikae kama sekunde 6, izimike. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa au ameiunganisha na waya wa taa nyingine. Angalia pia mshono wa dashibodi juu ya kisanduku cha abiria. Plastiki ya rangi tofauti kidogo, au alama ya gundi, inatosha kukufanya uahirishe malipo.

Taa ikibaki inawaka baada ya safari, usikimbilie kununua kompyuta ya SRS. Anza chini ya viti: plagi za manjano, ambazo ni za waya za SRS, hulegea viti vinapotolewa kusafishwa. Kama honi nayo haifanyi kazi, tatizo mara nyingi ni waya wa kuzunguka ulio nyuma ya usukani. Kwenye Toyota nyingi fundi anaweza kusoma kosa bila mashine kwa kuunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya uchunguzi na kuhesabu taa inavyopepesa. Kabla ya kugusa plagi yoyote ya manjano, atoe hasi ya betri na asubiri angalau sekunde 90. Fundi anayetaka kuweka rezista ili taa izimike, mnyang'anye funguo.

Mpangilio wangu

Sifichi, mimi ni mtu wa Toyota. Ukiharibikiwa Uvinza, spea ya Toyota itafika kwa basi la kesho, na gereji ya chini ya mwembe inaijua injini.

Ya kwanza ni Toyota Rush, J200E ya kuvuta nyuma au J210E ya kuvuta magurudumu yote. Injini ni 3SZ-VE ya cc 1495, ya cheni, na tumbo limenyanyuka takriban milimita 200. Kwa vipande vya vumbi na tope haihitaji kunyanyuliwa, na hilo ni la usalama: gari linalobaki kwenye urefu wake wa kiwandani linabaki na breki, usukani na taa jinsi vilivyopangwa. Ubaya wake ni kuruka kwenye matuta likiwa tupu, na kelele za ndani. Vumilia.

Ya pili Probox au Succeed yenye 1NZ-FE ya cc 1496. Inabeba mawese, dagaa na familia kwa wiki moja. Lakini Probox nyingi ni za daraja la mzigo, na kiti cha nyuma cha DX hakina hata sehemu ya kuegemea kichwa. Kama ni ya kubeba watu, tafuta ya daraja la abiria, na uvute kila mkanda wa nyuma kwa nguvu ghafla: usipojifunga papo hapo, mkanda umekufa.

RAV4 nimeiweka ya tatu na najua nitabishiwa. Ile ya ACA31, yenye 2AZ-FE ya cc 2362, ni gari zuri la safari, ila injini hiyo inasifika kwa kunywa oili. Pima kijiti kila ukijaza tenki. Ile ya zamani ya ACA21 yenye 1AZ-FSE ya D-4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, iache kwa mwenye fundi wake mwenyewe. RAV4 za kati ya 2003 na 2005 zimo kwenye hadithi ya Takata, kwa hiyo chasisi kwanza.

IST inapendwa Kigoma mjini, na mjini ibaki. Tatizo ni watu wanaoinyanyua. Spesa, vile vipande vya kunyanyulia springi, za milimita 20 mpaka 30 inazibeba. Ukizidisha, eksheli za mbele zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na ukifika Kasulu unasikia tak-tak kila ukikata kona. Ukinyanyua lazima upige alaimenti na urekebishe taa upya: gari mita 10 kutoka ukutani, mstari wa juu wa mwanga wa chini uwe sentimita 10 chini ya kimo cha taa. Mwangaza mkali unaotukera usiku mara nyingi ni gari lililonyanyuliwa, taa zikaachwa kama zilivyokuwa.

X-Trail ya mwisho. T30 imo kwenye rikoli za Takata, T31 nyingi ni za CVT, ile gia ya otomatiki ya mkanda, na CVT ya Nissan inataka oili yake yenyewe, NS-2. Anayekuwekea oili ya gia ya kawaida amekuua. Bei yake inayovutia iko chini kwa sababu hiyohiyo. Subaru Forester SH5 nayo ipitie chasisi kabla ya kuanza kuipenda.

Vitz, Passo, Honda Fit: za bei ndogo, za lami. Vitz ya kuanzia 2005 na Fit zinahitaji jibu la rikoli kabla ya chochote. Basi.

Bei, na watu wa yadi

Cc zina uzito kwenye kodi. Chukua gari ambalo TRA imelithamini milioni 10, lenye umri wa zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 2.5. Juu ya milioni 12.5, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya cc 1001 mpaka 2000 ni 625,000, na wa uchakavu wa asilimia 30 ni 3,750,000. VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo ni 3,037,500. Umelipa 9,912,500 kabla ya tozo ndogo na usajili. Gari la thamani ileile lenye cc zaidi ya 2000 lingelipa asilimia 10, na tofauti ukijumlisha VAT ni 737,500, yaani hela ya kubadilisha tairi zako. Viwango hupitiwa kwenye bajeti, malizia kwenye kikokotoo cha TRA.

Kinachoniudhi ni yadi. Mteja wa Kigoma anaonekana amekuja kwa basi, bei inapanda. Karatasi ya mnada "ilipotea". Kilomita 68,000 zinaandikwa kwenye kioo kwa rangi nyeupe, wakati pedali ya breki imelika mpira mpaka chuma. Unaomba namba ya chasisi uikague, unaambiwa weka kwanza malipo ya kushikia gari. Namba ya chasisi imegongwa kwenye gari, si siri ya ndoa. Anayekunyima mwache na gari lake.

Likishafika

Kabla dereva hajalitoa Dar kuja huku, soma tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni mwa kila tairi: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari ya Hokkaido, kaskazini mwa Japani, mara nyingi huja na tairi za theluji, zenye neno STUDLESS au SNOW ubavuni na mipasuo midogo midogo mingi. Mpira wake ni laini. Kwenye lami ya moto ya Manyoni unalika haraka na breki inachelewa kushika. Zitoe zote nne, na ya akiba uiangalie. Badilisha maji ya breki, lita moja ya DOT 3 inatosha kusafisha mfumo mzima wa gari dogo.

Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, hata kwa safari ya Ujiji. Na dereva asogeze kiti mpaka kifua kiwe sentimita 25 kutoka katikati ya usukani, hata kama kopo limeshabadilishwa.