Kibodi na kipanya kwa mkono unaouma: kipi ununue kwanza

Siku hizi karibu kila boksi dukani limeandikwa "ergonomiki", yaani kifaa kilichoundwa kisiuumize mwili, hata la kipanya cha kawaida kilichobandikwa raba pembeni. Kwa hiyo achana na boksi, tazama mkono wako. Kifundo cha mkono huchoshwa na mikao mitatu: kukunjwa kwenda juu, kupindishwa upande wa kidole cha mwisho, na kulaza kiganja chini kutwa nzima, kiasi kwamba mifupa miwili ya kigasha inapishana.

Ndani ya kifundo kuna mfereji mwembamba unaopitisha kano 9 za vidole pamoja na neva moja, ile inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kikikunjwa, mfereji hubana. Kifaa cha maana ni kile kinachopunguza angalau mkao mmoja kati ya hiyo mitatu; kisichopunguza hata mmoja ni pambo. Na kama tayari ganzi inakuamsha usiku au vitu vinakuponyoka mkononi, anza kwa daktari, duka litasubiri.

Nimevipanga kwa mfuatano wa kununua. Cha kwanza ndicho ningemwambia mtu mwenye pesa ya kitu kimoja tu.

1. Kipanya cha wima

Kibodi hugawana kazi kwa mikono miwili, kipanya hubebeshwa mkono mmoja siku nzima. Cha wima kinauinua mkono huo hadi kiganja kielekee pembeni, kama unayempa mtu mkono. Mifupa ya kigasha inaacha kupishana, na kusogeza kishale kunakuwa kazi ya kiwiko na bega badala ya kifundo.

Logitech wana viwili, Lift na MX Vertical, na vyote vimeinama kwa nyuzi 57. Tofauti kubwa ni ukubwa. Weka rula kwenye mkunjo wa kifundo, soma hadi ncha ya kidole cha kati. Chini ya sentimita 19, chukua Lift. Ukizidi hapo, MX Vertical. Usipuuze kipimo hiki, kwa sababu kipanya kikubwa kuliko mkono kinakulazimisha kutanua vidole ili ulifikie gurudumu, na hapo umeyahamisha tu maumivu kutoka kifundo hadi kidole gumba. Mwenye kutumia mkono wa kushoto ana Lift ya kushoto, wakati MX Vertical ni ya kulia peke yake. Lift hula betri moja ya AA, MX Vertical huchajiwa kwa waya.

Vya bei ya chini visivyo na jina si vya kudharau. Umbo ndilo linalofanya kazi, nalo wanalo. Bofya tu vitufe mara kadhaa kabla ya kulipa: kitufe kigumu kinachosha kidole, tena kwenye kipanya cha wima kila mbofyo mzito unakisukuma kipanya chenyewe pembeni.

Siku za mwanzo kishale kitakukimbia. Kipe wiki moja au mbili kabla ya kukihukumu.

2. Kibodi fupi, isiyo na tarakimu za pembeni

Najua wengi wangeitanguliza ile iliyopinda. Lakini itazame kibodi ndefu: herufi ziko kushoto, na kulia kuna kile kisanduku cha tarakimu ambacho wengi wetu hatukigusi. Ukiziweka herufi katikati ya mwili wako, kisanduku hicho kinakisukuma kipanya mbali, na mkono wa kulia unafanya kazi umetanuka nje tangu asubuhi hadi jioni. Kibodi fupi inalimaliza tatizo hilo bila kukufundisha upya kuandika, tena mara nyingi ni bei rahisi. Mhasibu anaweza kununua kisanduku cha tarakimu cha peke yake akakiweka kushoto.

Chagua nyembamba, ili viganja visipande. Usishuke hadi zile ndogo mno za tableti. Nafasi ya kawaida kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni takriban milimita 19, na chini sana ya hapo vidole vinabanana. Kisha ikunje ile miguu ya nyuma. Watu huisimamisha kwa mazoea, na kazi yake kubwa ni kukikunja kifundo kwenda juu.

Anayeshinda kwenye laptopu aanze na hii, kabla hata ya kipanya. Inua laptopu hadi skrini ikaribie usawa wa macho, kibodi ibaki chini mezani.

3. Kibodi iliyopinda ya kipande kimoja

Hapa herufi zimegawanywa pande mbili na katikati pameinuka kidogo, hivyo kifundo hakipindi pembeni. Logitech Ergo K860 ina jambo moja zuri sana: miguu yake iko mbele, kwa hiyo kibodi inainama kwenda mbali nawe, kwa nyuzi 4 au 7. Kasoro yake ni kwamba imebaki na kisanduku cha tarakimu. Microsoft Sculpt ya 2013 ilikitenga kisanduku hicho. Microsoft walitangaza kuacha kibodi na vipanya vya jina lao mwaka 2023, na baadaye kampuni ya Incase ikachukua miundo yao. Ukiuziwa Sculpt iliyotumika, dai kile kipokezi chake kidogo cha USB. Kikipotea hakina mbadala, na kibodi haiwaki na kingine.

Kama unaandika kwa vidole viwili huku ukitazama vitufe, okoa pesa yako. Faida yake ni kwa anayeandika kwa vidole vyote.

4. Trekiboli

Kifaa kinakaa palepale, unaviringisha mpira. Kinafaa meza iliyobana na bega linalouma. Logitech Ergo M575 huendeshwa kwa kidole gumba; kama gumba ndilo linalouma, ikimbie. Kensington Expert Mouse ina mpira mkubwa wa kuendeshwa kwa vidole, na hutumika mkono wowote. Utoe mpira mara kwa mara ufute vumbi, la sivyo unakwama.

5. Kibodi ya vipande viwili

Kwa mwili ndiyo bora kuliko zote hizi; imekuwa ya tano kwa sababu ya gharama na subira. Kinesis Freestyle2 ndiyo ya kuanzia, maana vitufe vimepangwa kwa mpangilio uliouzoea, ila viinuo vya katikati huuzwa kando. Moonlander na Kinesis Advantage360 zinapanga vitufe kwa safu wima na kukikabidhi kidole gumba kazi nyingi. Usinunue ukiwa na kazi ya haraka mezani: utaandika polepole kwa wiki kadhaa.

Kuhusu mito ya jeli ya kuwekea kifundo, inafaa wakati wa kupumzika tu. Ukiilalia huku unaandika, unaugandamiza kwa chini mfereji uleule uliokusudia kuulinda. Padi za kipanya zenye nundu ni hivyo hivyo.