Filamu za Noir na Upelelezi wa Zamani: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Ukinunua filamu ya noir, sehemu kubwa ya ulicholipia ni giza. Hadithi yenyewe rafiki anaweza kukusimulia kwa dakika tano: mwanamume anayejiona mjanja, mwanamke aliyemzidi akili, pesa za mtu mwingine, maiti. Kilichofanya watu waendelee kuzitazama filamu hizi za uhalifu za Hollywood za miaka ya 1940 na 1950 ni jinsi mwanga ulivyopangwa: uso ulioangazwa nusu, mistari ya kivuli ukutani, lami iliyolowa usiku. Nakala mbovu hugeuza vyote hivyo kuwa ukungu wa kijivu. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa ubora wa nakala kwanza, umaarufu wa filamu baadaye. Mashabiki wenzangu watanuna kwa baadhi ya nafasi, na wanune tu.

Kabla ya kutoa pesa, geuza kasha usome nyuma.

Cha kwanza ni msimbo wa eneo. Kwenye DVD, Marekani na Kanada ni eneo la 1, Ulaya Magharibi na Mashariki ya Kati ni la 2, sehemu kubwa ya Afrika ni la 5. Blu-ray ina mgawanyo mwingine: bara la Amerika ni A, na Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati ni B. Kwa mtu wa Dar, Mombasa au Muscat, maana yake ni kwamba Blu-ray ya Uingereza itacheza kwenye deki iliyouzwa kwa ajili ya eneo letu, lakini ya Marekani huenda ikagoma kabisa. Deki za DVD za bei nafuu mara nyingi husoma maeneo yote, za Blu-ray si hivyo. Diski za 4K hazina msimbo wa eneo, ila kasha hilo hilo huwa lina Blu-ray ya kawaida ndani, na hiyo yaweza kuwa na kufuli.

Cha pili ni umbo la picha. Filamu nyingi hapa zilipigwa kabla ya 1953, na picha zake zinakaribia mraba: upana 1.37 kwa kimo 1. Kwenye TV ya leo lazima kubaki weusi kushoto na kulia. Ukiona picha imejaza kioo chote, ama wamekata vichwa na miguu, ama wamemvuta mwigizaji Humphrey Bogart hadi ana mashavu ya mpiga tarumbeta. Hiyo rudisha.

Tena usinunue noir iliyopakwa rangi, hata ukiuziwa kwa bei ya karanga. Mwaka 1986 The Maltese Falcon ilipopakwa rangi kwa kompyuta, mwongozaji wake John Huston alilalamika hadharani. Baada ya kufa kwake, warithi wake na mwandishi mwenzake Ben Maddow walikwenda mahakamani Ufaransa kupinga toleo la rangi la The Asphalt Jungle lisionyeshwe kwenye televisheni ya huko, na mwaka 1991 mahakama ya juu ikawapa haki. Nadhani hawakuwa wakigombania sifa tu. Mpiga picha alipanga weusi na weupe toka mwanzo, na anayekuja na rangi ya waridi ya mashavu miaka arobaini baadaye anaharibu hesabu yote.

Nambari 1: Double Indemnity (1944)

Kama bajeti yako ni ya diski moja tu, nunua hii. Billy Wilder aliiongoza na kuiandika pamoja na Raymond Chandler kutoka riwaya ya James M. Cain. Wakala wa bima, Walter Neff, anaingia nyumba moja Los Angeles kuhuisha bima ya gari na anatoka akiwa ameshaanza kunasa kwa mke wa mwenye nyumba, Phyllis. Bima ya maisha wanayomtengenezea mume inalipa mara mbili akifa kwa ajali za aina fulani, treni ikiwemo. Kuanzia hapo unaangalia watu wawili wakipanga mauaji kwa utulivu wa makarani wanaojaza fomu.

Hii ndiyo filamu ya kupimia diski na TV yako. Nenda kwenye ziara ya kwanza ya Neff, akiwa peke yake sebuleni kwa Phyllis. Jua linaingia kupitia mapazia ya vibao, na ndani ya miale yake kuna vumbi linaloelea. Mpiga picha John F. Seitz alipeperusha chembe za alumini hewani ili nyumba ionekane haijafagiliwa. Kwenye nakala nzuri unaliona vumbi lile na karibu ulinuse; kwenye kopi za mtaani unaona ukuta wenye mistari, basi. Ukiwa hapo, subiri hadi Phyllis ajifiche nyuma ya mlango wa Neff kwenye kibaraza cha ghorofani. Mlango ule unafungukia nje, jambo ambalo huwezi kulikuta kwenye nyumba za kupanga, lakini bila hivyo hakuna mahali pa kumficha. Mimi huwa najua kabisa kwamba ni uongo na bado nashika pumzi.

Edward G. Robinson, kama Keyes wa idara ya madai, ndiye anayeiba filamu. Mhakiki wa madai ya bima kuwa mtu wa kuvutia kuliko polisi wote wa sinema, nani angedhani? Filamu ilipendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar na haikupata hata moja.

Toleo la kununua ni la kampuni ya Criterion, la 4K, la mwaka 2022. Bei yake ya kasha ni dola 49.95, ila duka la Barnes & Noble la Marekani limezoea kuuza Criterion kwa nusu bei mwezi wa saba na wa kumi na moja. Mwenye shangazi Minnesota ajue pa kuanzia. Asiye na deki ya 4K atafute Blu-ray ya Eureka ya Uingereza, ambayo ni ya eneo B.

Nambari 2: sanduku la DVD la Warner, Film Noir Classic Collection, juzuu ya kwanza

Ndiyo, DVD, tena ya mwaka 2004, tena ya eneo la 1. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu hakuna manunuzi mengine yanayokupa thamani kama hii: filamu tano, zote nzuri, zenye nakala safi kwa kiwango cha DVD, na unazipata mkononi kwa bei ndogo. Deki yako ya kusoma maeneo yote ndiyo itakayokusaidia hapa.

Ndani yake kuna Out of the Past (1947), ambayo peke yake ingetosha. Robert Mitchum ni mpelelezi aliyetumwa kumtafuta mwanamke aliyetoroka na pesa za tajiri mmoja mhuni. Anakaa kwenye mkahawa wa Acapulco, Mexico, siku baada ya siku, na alasiri moja Jane Greer anaingia akitokea kwenye jua kali la nje. Anakuwa umbo jeusi kwanza, ndipo uso unajitokeza. Sekunde chache tu, lakini usipouona weusi ule vizuri hutaelewa kwa nini mtu mzima anaharibu maisha yake. Kuna Gun Crazy (1950), yenye wizi wa benki uliopigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa, kamera ikiwa kiti cha nyuma cha gari. Hatuingii benki hata kidogo; tunakaa garini tukihangaika na pa kuegesha. The Set-Up (1949) ni ya bondia aliyezeeka, na saa ya hadithi inakwenda sawa na saa yako ya ukutani kwa dakika 72. Murder, My Sweet na The Asphalt Jungle zinakamilisha tano.

Nambari 3: The Third Man (1949)

Wengi huiweka ya kwanza. Ni ya Uingereza, imeongozwa na Carol Reed na kuandikwa na Graham Greene, na inatokea Vienna baada ya vita, jiji likiwa limegawanywa na mataifa manne. Muziki wote ni zeze la Kiaustria la Anton Karas. Orson Welles anachelewa kutokea hadi umeanza kumsahau, kisha mwanga wa dirisha unampiga usoni akiwa mlangoni, na kuanzia hapo filamu ni yake.

Hapa ndipo dakika zilizoandikwa kwenye kasha zina kazi. Toleo la Reed lina dakika 104. Mtayarishaji David O. Selznick alilipunguza kwa ajili ya Marekani hadi 93, na sauti ya kusimulia mwanzoni ikawa ya mwigizaji Joseph Cotten badala ya Reed mwenyewe. Kasha likisema 93, liache. Likisema kama dakika 100 na ni DVD ya Ulaya, usiogope: DVD za huko huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 104 huisha kwa kama 100 bila kukatwa kitu. Blu-ray ya StudioCanal iliyotokana na ukarabati wa 4K wa mwaka 2015 ndiyo ya kutafuta.

Sikuipa nafasi ya juu zaidi kwa sababu moja: kamera iliyoinamishwa upande inapendeza mara kumi za kwanza tu.

Nambari 4: Detour (1945)

Filamu hii ilitengenezwa na PRC, studio ya bei ya chini kabisa, na mwongozaji Edgar G. Ulmer hakuwa na pesa wala muda. Ina dakika 68 tu. Mpiga piano anaomba lifti kutoka New York kwenda Los Angeles, mwenye gari anamfia njiani, na yeye anafanya uamuzi mbaya baada ya mwingine. Kwenye baadhi ya picha za kuomba lifti kanda iligeuzwa kushoto kulia, ili safari ionekane inaelekea magharibi kama kwenye ramani. Matokeo yake magari ya Marekani yanapita kushoto mwa barabara, usukani kulia, kama uko Chalinze. Ann Savage, anayeingia katikati, ni mkali kuliko mwanamke yeyote wa noir; Barbara Stanwyck mwenyewe, yule Phyllis wa Double Indemnity, angempisha njia.

Lakini angalia unachonunua. Haki ya filamu hii haikuhuishwa Marekani, na kwa sheria ya wakati ule usipohuisha baada ya miaka 28 kazi inakuwa mali ya umma. Kila mwenye mashine ameitoa, nyingi zikiwa kopi za kopi. Akiba ya filamu ya Academy, wale wa tuzo za Oscar, na The Film Foundation waliikarabati kwa 4K mwaka 2018, na Criterion wakaitoa 2019. Kuna watu walioidharau miaka yote kumbe walichokuwa wanakiona ni uchafu wa kanda.

Nambari 5: za kuvunja kichwa, kwa wapenda upelelezi

Kama unachotaka ni nani kaua, noir itakuchosha. The Big Sleep (1946) ni mfano mzuri: inasimuliwa kwamba mwongozaji Howard Hawks alipomuuliza Chandler, mwandishi wa riwaya yake, nani alimuua dereva wa familia tajiri iliyomo, Chandler mwenyewe hakujua. Nunua Blu-ray ya Warner Archive yenye matoleo yote mawili, lile la 1945 walilooneshwa wanajeshi na lile la 1946 lililoongezewa sehemu za mwigizaji Lauren Bacall. La pili halieleweki, na ndilo bora.

Fumbo linalofungwa vizuri utalipata kwenye Laura (1944), ambamo kachero anampenda marehemu kwa kuangalia picha yake ukutani. Na kama ulikua na Bwana Msa na kiko chake, ukimpenda Najum kwa kuuliza maswali ambayo na wewe ungeyauliza, basi nenda kwa babu yao: filamu 14 za Sherlock Holmes za Basil Rathbone na Nigel Bruce, za 1939 hadi 1946. Mbili za kwanza ni za Fox, 12 ni za Universal, na hizo 12 zilikarabatiwa na chuo kikuu cha UCLA. Si zote nzuri. Holmes akipambana na Wanazi huwa anachekesha bila kukusudia. Lakini sanduku zima halina noma, na watoto wanaweza kukaa hapo.

Nambari 6: Touch of Evil (1958)

Ni filamu kubwa, na mimi sikushauri uianze. Ina matoleo matatu. Studio ilipomnyang'anya kazi mwongozaji wake, Orson Welles yule yule wa The Third Man, aliandika waraka wa kurasa 58 akieleza kila alichotaka kirekebishwe, na mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata. Mkupuo wa mwanzo, bomu likiwa buti la gari na kamera ikilifuata hadi mpakani, haukuwa tena na majina na muziki juu yake. Hakikisha kasha lina toleo hilo. Ujiandae pia kumwona Charlton Heston amepakwa rangi awe Mmexico, jambo ambalo halijawahi kuzoeleka machoni kwangu.

Ya kuacha: sanduku la filamu 50

Utaliona, na bei itakushawishi: filamu 50 za siri na mauaji, diski 12, kila diski pande mbili. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya filamu nne kwenye diski moja, hivyo picha imebanwa hadi kivuli kinakuwa vigae vya mraba. Na karibu zote ni zile zilizoingia mali ya umma Marekani. D.O.A. (1950), ya mtu anayeingia kituo cha polisi kuripoti kuuawa kwake mwenyewe, imo. Scarlet Street (1945) ya Fritz Lang nayo huwa imo, wakati ina Blu-ray yake inayojitegemea. Hizo ziangalie kwanza bure kwenye intaneti kupitia akiba za wazi, na pesa ya sanduku uiongezee kwenye gharama za kusafirisha Detour.