Jibini ya kahawia ya Norway: ninavyoila na ninakoipata hapa Minneapolis

Ukimwekea Mtanzania mezani kipande kizima cha jibini ya kahawia ya Norway, atadhani umemwekea mche wa sabuni. Simlaumu. Rangi ni ileile, umbo ni lilelile la pembe nne, na ukiigusa inateleza kidogo. Akishaionja ndipo maswali huanza, kwa sababu ulimi hupata utamu kwanza, kisha chumvi, halafu uchachu fulani wa mbuzi unaobaki kooni. Kuna watakaoomba kipande cha pili na kuna watakaotafuta maji.

Mimi niliizoea Ås, kusini mwa Oslo, nilikokwenda kusoma kilimo. Chuo cha pale na Sokoine ya Morogoro vina ushirikiano wa miaka mingi, na mbuzi wa maziwa wa Kinorwe walipelekwa Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo mbuzi nilimjua kabla ya jibini. Pale Ås chakula cha mchana ni baridi: mtu anafungua kiboksi chake, mna mkate mweusi na vipande vya jibini, anakula dakika chache anarudi kazini. Wiki za mwanzo nilinung'unika, natamani wali. Baadaye nikawa nami nabeba kiboksi.

Inavyotengenezwa ndiyo sababu ya ladha ile. Jibini nyingine hutokana na donge la maziwa yaliyogandishwa, na maji yanayobaki hupewa nguruwe. Hii ni kinyume: maji yale ndiyo yanayochemshwa kwa saa nyingi mpaka yanakuwa mazito na sukari ya maziwa inageuka kahawia. Mwaka 1863 msichana mmoja wa bonde la Gudbrandsdalen, Anne Hov, akamimina krimu kwenye chungu hicho, ikatoka nene na yenye mafuta. Miaka ya 1880 bonde lile lilikuwa na hali ngumu ya fedha, na jibini yake ikapata bei nzuri kuliko siagi. Mwaka 1933, akiwa bibi wa miaka 87, alipewa nishani ya mfalme. Nadhani walichelewa.

Hapa Minneapolis naipata bila shida. Minnesota imejaa wajukuu wa Wanorwe, na duka la Ingebretsen's liko barabara ya Lake tangu 1921. Supamaketi kubwa nazo huweka, kwenye friji la jibini za kigeni. Tafuta kifurushi chekundu chenye maandishi Ski Queen. Ndiyo Gudbrandsdalsost yenyewe, yaani jibini ya bonde lile la Anne Hov, kwa jina la kuuzia nje, mchanganyiko wa maziwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Kipande cha gramu 250 hunigharimu kama dola 10. Ghali, ndiyo, lakini hailiwi kwa pupa. Ukitaka ya mbuzi mtupu soma maandishi ya nyuma, na ujiandae, maana ile ni kali haswa. Kwa anayeanza, anunue nyekundu.

Sasa sikiliza: usiikate kwa kisu cha kawaida. Kipande kinene kinagandia kwenye meno na utaichukia bure. Kuna chombo chake, kama mwiko mdogo wa chuma wenye mpasuko katikati, kilichobuniwa na seremala wa Lillehammer, Thor Bjørklund, mwaka 1925. Unakivuta juu ya jibini kuja kwako, kinatoa ubapa mwembamba kiasi cha kuona mwanga ukipita, pembeni unajikunja. Mbili tatu kwenye mkate wenye siagi, basi. Wenyewe huila pia na vafeli za moto zenye jamu ya stroberi, na hapo sina ubishi nao.

Kwangu imehamia kwenye chapati. Chapati ikitoka jikoni naitandikia bapa mbili, nakunja, nasubiri kidogo. Haiyeyuki ikavutika kama ya piza. Inalainika tu na kushika chapati. Pembeni chai ya rangi isiyo na sukari, kwa sababu sukari imeshatosha mle ndani. Na mchuzi wa nyama, hasa wa swala au mnyama yeyote wa porini, ukimalizia na kipande kidogo na krimu, unapata rangi nzito na utamu ambao wageni hawaujui umetoka wapi.

Tahadhari moja ya kweli: theluthi moja hivi ya uzito wake ni sukari ya maziwa. Kama maziwa freshi yanakusumbua tumbo, hii itakusumbua zaidi. Shemeji yangu hathubutu.

Kuhusu jibini nyingine za Norway, Jarlsberg utaiona kila mahali, ile ya njano yenye matundu. Ilibuniwa Ås palepale mwaka 1956, ni nzuri kwa sandwichi, lakini unayonunua nje huenda haijawahi kuiona Norway. Mkutano wa biashara ya dunia wa Nairobi, Desemba 2015, uliamua ruzuku za kusafirisha mazao ya kilimo ziondolewe, Norway ikasitisha zake za jibini mwisho wa 2020, na nyingi ya Jarlsberg ya nje sasa hutengenezwa Ireland na Ohio. Ladha sioni tofauti kubwa. Gamalost ya Vik, ile kavu ya kahawia yenye ukungu na harufu ya zizi, nje sijaikuta, na sijaitafuta kwa bidii.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu nyota imekatwa na duka moja la mtandaoni lililonitumia kifurushi mwezi wa Julai bila barafu. Kilifika kimetoa jasho la mafuta, pembe zimelegea, na walikataa kurudisha fedha. Tangu hapo nanunua dukani, na kiangazi nakwenda na boksi la barafu kwenye gari. Ukishafungua ifunge vizuri kwa karatasi ya foili na uiweke kwenye friji, la sivyo kingo zinakauka na kuwa ngumu. Hizo ngumu usitupe, zitie kwenye mchuzi.