Ukitoka kwenda kula: nafasi ninazowapa migahawa, na kosa ambalo wengi hatulioni

Malalamiko ya wasomaji ni yaleyale. Tumelipa pesa nyingi, mahali panapendeza, wahudumu wamechangamka, lakini tumetoka hatujaridhika na hatujui tatizo ni nini. Nikiuliza chakula kilikuwaje, jibu ni "kizuri tu." Nikiuliza kama kilikuwa cha moto, kimya. Halafu mmoja anakumbuka: "Eeh, kwa kweli kilikuwa kimepoapoa."

Basi tuanzie hapo. Habari za viti, muziki, taa na rangi za ukuta sizigusi, mna macho. Hata ladha naiweka pembeni kidogo, maana pilipili yako si pilipili yangu. Mimi naupima mgahawa kwa joto la chakula kinapotua mezani, na chakula vuguvugu kwangu ni kosa lisilo na msamaha.

Chakula hakipoi chenyewe. Ukiletewa kimepoa, ujue mtu fulani hakufanya kazi yake. Labda mpishi alipika mapema akakiacha kinasubiri. Labda sahani ilikaa kwenye dirisha la jikoni huku mhudumu anachezea simu. Labda oda ya meza yenu haikupangwa, wa kwanza akapikiwa nusu saa kabla ya wa mwisho. Jikoni, huduma na usimamizi, vyote unavisoma kwa tonge moja. Ndiyo maana nashangaa watu wanaandika aya tatu kuhusu mapambo ya mgahawa na hawataji kama mchuzi ulikuwa wa moto.

Na si suala la raha peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kibaki juu ya nyuzijoto 60 za Selsiasi mpaka kiliwe, na kinachohifadhiwa kwa ubaridi kiwe chini ya 5. Katikati ya hapo ndipo bakteria wanapozaliana kwa raha zao, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kuachwa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Wali ndio msumbufu kuliko unavyodhani. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, wali ukiachwa upoe polepole huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha. Kwa hiyo mhudumu akikwambia "nikupashie kidogo?" kwa wali uliokaa tangu mchana, mwambie hapana, asante.

Dalili zake ni hizi, na huhitaji kipimajoto. Tazama mchuzi: ukiwa na utando juu, unaokunjamana ukiugusa kwa kijiko, umekaa. Tazama pembezoni mwa sahani: mchuzi uliokauka ukaacha mstari wa kahawia, au mafuta yaliyoganda meupe kandokando ya nyama. Shika chipsi moja kwa ncha. Ikisimama, sawa. Ikiinama, mvuke wa ndani umeshalainisha ganda la nje, na hiyo haitokei chakula kikitoka jikoni moja kwa moja. Halafu gusa ukingo wa sahani. Sahani ya kauri iliyotoka kabatini ikiwa baridi hunyonya joto la chakula kabla hujashika uma, na migahawa inayojua kazi huziweka sahani mahali pa joto. Ila sahani ikiwa inaunguza na katikati ya chakula pako baridi, hapo umeletewa kazi ya maikrowevu. Mhudumu atakuonya kwa upole, "angalia sahani ina moto," kana kwamba anakufanyia hisani.

Haya, nafasi zenyewe.

Ya kwanza: mgahawa wa menyu fupi

Ukurasa mmoja, vyakula kama kumi hivi, na ikiwezekana jiko unaliona ulipokaa. Hakuna jiko la kawaida linaloweza kuwa na aina themanini za chakula, zote mbichi, zote zikipikwa upya kwa kila meza. Menyu nene ina friza nene nyuma yake, au ina sufuria zilizopikwa asubuhi. Vyakula vikiwa vichache, kila kimoja kinaagizwa mara nyingi, kinaisha, kinapikwa tena. Na wakikwambia "hicho kimeisha," furahi. Mahali ambapo hakuna kinachoisha ndipo pa kuogopa.

Hapa utasubiri, na ni sawa. Watu wanasifia haraka kana kwamba haraka ndiyo huduma. Sisemi ukae saa nzima unatafuna vijiti vya meno, lakini samaki mzima akifika dakika tano baada ya kuagizwa, alikuwa ameshapikwa kabla hujaingia mlangoni. Huduma ninayoitafuta mimi ni meza ya watu wanne kupokea sahani nne kwa mkupuo mmoja. Hilo ni gumu kuliko linavyoonekana. Linataka mpishi wa kuchoma, wa kukaanga na wa michuzi wasikilizane, na mhudumu awe pale kengele inapolia. Mgahawa unaoleta sahani moja, halafu nyingine baada ya dakika kumi, umewapa wa kwanza uchaguzi mbaya: ale peke yake huku wenzake wakimtazama, au awasubiri kwa adabu na ale baridi.

Ya pili: Nando's

Hapa mtanizomea, na mnizomee. Migahawa ya matawi mengi siipendi kwa kawaida, lakini Nando's naipendelea na sifichi. Ilianzia Rosettenville, Johannesburg, mwaka 1987, Fernando Duarte na Robert Brozin waliponunua mgahawa mdogo wa kuku, na leo iko katika nchi nyingi. Sababu yangu ni ileile: kuku anamalizikia kwenye moto, anapakwa mchuzi, anakuja. Unachagua ukali, chupa za michuzi ziko kwa ajili yako, hakuna anayekuzungusha. Chipsi zao zinaweza kukuangusha saa za msongamano, nakubali. Kuku haniangushi, na sijaona mnyororo mwingine wa kuku ninaoweza kuusemea hivyo.

Ya tatu: migahawa ya hoteli kubwa

Wapishi wamesoma, jiko safi, vitambaa vimenyooshwa. Shida ni safari. Jiko liko chini au nyuma, chakula kinapanda lifti, kinapita korido, na kinafunikwa kifuniko cha chuma ili kisipoe. Kifuniko kinatunza joto, ndiyo, lakini mvuke unagonga juu na kurudi chini kama umande, na chochote kilichokaangwa kinalowa. Kwa hiyo hotelini agiza vinavyostahimili safari: supu, mchuzi mzito, nyama iliyochemshwa polepole. Samaki wa kukaanga waachie wenye subira.

Ya mwisho: bufee

Trei zile zinazokaa juu ya maji ya moto zimetengenezwa kutunza joto, si kupasha. Chakula kikiingia humo kimepoa, kitabaki vuguvugu mpaka mwisho wa shughuli, na huo ndio ukanda ambao WHO wanaukataza. Halafu kila mtu anafunua, anachagua, anafunika nusu. Ukilazimika, na sherehe zinatulazimisha, nenda mwanzoni kabisa au subiri trei mpya iletwe. Ukifunua na mvuke usikupige usoni, funika, songa mbele. Na trei inayojazwa kwa kumwagia kipya juu ya cha zamani niachieni mimi niiseme kwa sauti: huo ni uvivu.

Sehemu za bei nafuu, za kuuzia dirishani na kando ya njia, hazihitaji maneno mengi. Kula penye foleni, kula kinachotolewa motoni mbele yako. Basi.

Mtaniuliza kuhusu nyota za mtandaoni. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler alisajili kwenye TripAdvisor, tovuti ambako wateja huandika maoni, mgahawa ambao haukuwepo, The Shed at Dulwich, kumbe ni kibanda cha bustanini kwao London. Kwa maoni ya uongo ya marafiki kibanda kikapanda mpaka namba moja kwa migahawa ya jiji zima, huku hakijapika hata yai. Mimi nyota hizo siangalii wastani wake. Nasoma maoni ya chini, natafuta maneno "baridi," "kimepoa," "tulisubiri sana." Mtu mmoja akisema, ana siku mbaya. Wakisema wengi kwa miezi tofauti, jiko ndilo lenye siku mbaya. Kampuni ya matairi ya Michelin, ambayo kitabu chake cha mwongozo kilianza 1900 na nyota zikaingia 1926, inatuma wakaguzi wasiojitambulisha, nyota inatolewa kwa kilichomo sahanini tu, na kipimo kimojawapo ni kama ubora uko vilevile kila wanaporudi. Hicho kipimo cha mwisho ndicho kisichowezekana kwa picha moja ya simu.

Sasa niruhusuni niseme la moyoni, maana bei zinatuumiza na ujanja umezidi. Kuna menyu zisizo na bei, eti "inategemea uzito," na uzito unatajiwa ukishamaliza kula. Uliza kabla samaki hajaingia jikoni, waombe wampime mbele yako. Kuna maji ya chupa yanayofunguliwa mezani bila mtu kuyaomba. Kuna "chakula maalumu cha leo" ambacho mhudumu anakisifia kwa nguvu ya ajabu. Huenda ni fahari ya mpishi, huenda ni kitu cha jana kinachotafuta mlaji. Muulize kimepikwa saa ngapi, umtazame macho. Kuna vijana wanaosimama mlangoni kukuvuta mkono uingie. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kuna ada ya huduma inayojipachika chini ya bili, kwa maandishi madogo, hata siku ambayo huduma yenyewe hukuiona. Waliokuletea wali baridi wanakutoza asilimia kwa kukuletea wali baridi!

Hapo ndipo nasisitiza urudishe chakula, na urudishe mapema. Usile nusu ndipo ulalamike, utaonekana unatafuta mlo wa bure. Tonge la kwanza likiwa vuguvugu, mwite mhudumu kwa adabu: "Samahani dada, hiki kimepoa, naomba nipikiwe kingine." Sema kupikiwa, usiseme kupashiwa, maana ukisema kupashiwa ndicho utakachopata. Usimfokee, mara nyingi siye aliyekosa, na anayekosa yuko nyuma ya dirisha hakusikii. Kisha tazama kinachorudi. Chipsi zikirudi zilezile, na lile pengo ulipochota bado lipo kwenye wali, omba bili, lipia ulichokula, na ada ya huduma waambie waikate.