Boljointi za Chini za Surf: Zibadilishe Mwenyewe Kabla Tairi Halijalala

Mambo vipi ndugu zangu, karibuni tena gereji. Leo hakuna salamu ndefu, maana nilichoshika hapa kimenipandisha mori tangu asubuhi. Dogo, sogea na kamera, isogeze kabisa. Mnaiona hii? Hii ni boljointi ya chini, kile kiungo chenye kichwa cha duara kinacholishika gurudumu kwenye mkono wake wa chini, ya Toyota Hilux Surf 185, upande wa kulia, imetoka sasa hivi kwenye gari lililoko nyuma yangu. Na hii nyingine ni mpya, 555 ya Sankei, imetengenezwa Japani. Leo tunazichambua zote mbili, tunafunga mpya, kisha nawaambia kama hela yake inarudi.

Habari za Surf yenyewe sirudii. Injini mnaijua, gia mnazijua, mafuta inayokunywa mnayajua kuliko mimi. Ila wewe mwenye Prado ya 90 au 95, zile za mwaka 1996 hadi 2002, usiondoke. Mbele yako imepangwa vilevile, na haya yote yanakuhusu.

Haya, tuingie kwenye jambo lenyewe. Kuna magari ambayo uzito wa gari unaikandamiza boljointi, kichwa kinasukumwa kiingie ndani ya kikombe chake. Ikichakaa itagonga, itapiga kelele, itakukera, lakini kichwa kitabaki mle ndani. Surf hii ni kinyume chake. Tazameni hapa chini. Springi na shokapu vimekaa juu ya mkono wa chini, vinausukuma kwenda chini muda wote. Mkono huo umekamatwa na ncha ya boljointi, na ncha inatazama chini, nati yake iko huku upande wa ardhini. Kikombe chenyewe kimefungwa juu, kwenye chuma kinachobeba habu. Sasa niambieni, uzito ukija unafanya nini? Unakivuta kichwa kitoke kwenye kikombe! Uzito wote wa upande huu wa mbele unaning'inia hapo, shimo kwa shimo, kilomita kwa kilomita. Siku ule utando wa ndani umekwisha, kichwa kinachomoka na gurudumu linajilaza chini ya bodi. Picha mmeshaziona wote, Surf iko katikati ya barabara, tairi la mbele limelala ubavu, na fenda imekunjika.

Na sitaki mtu aniambie hayo ni maneno ya vijiweni. Surf kule Marekani inaitwa 4Runner. Mwaka 2005 Toyota waliita kule magari zaidi ya laki saba yarudi yakaguliwe boljointi za mbele, Tacoma na 4Runner zikiwemo. Na toleo lililofuata, pamoja na Prado 120, wakaigeuza ile boljointi ili uzito uikandamize badala ya kuivuta. Kwa hiyo walioiunda wenyewe waliona.

Sasa hapa ndipo nataka tukae. Watu wengi wananiandikia, "Kaka, fundi kaitikisa tairi kasema iko poa." Kaitikisaje? Kama gari liko chini limesimama kwa magurudumu yake, hata boljointi iliyokwisha itaonekana imekaza, kwa sababu uzito umeshaivuta hadi mwisho. Hakuna kitakachocheza. Lazima gurudumu lining'inie. Upande huu wa kushoto bado sijaufungua, tuutumie. Nimeinua gari, stendi ziko chini ya chesisi, pande zote mbili. Stendi, jamani, siyo tofali wala gogo. Tairi liko hewani. Sasa nachukua mtaimbo, naupitisha chini ya tairi, nalinyanyua kidogo, nashusha. Nanyanyua, nashusha. Dogo, usiitazame tairi, weka taa pale kwenye mpira wa vumbi, kati ya kikombe na mkono. Umeona? Subiri nirudie. Nyanyua... ile nafasi inafunguka. Shusha... inafunga. Na sikilizeni, zima feni hiyo tafadhali. Tk. Tk. Hiyo "tk" ndogo ndiyo inayokuja kukulaza porini. Boljointi nzima haitakiwi kutoa mlio huo, na hiyo nafasi isionekane ikibadilika kwa macho kabisa.

Tazameni na mpira. Umepasuka huku nyuma, ambapo mtu akichungulia kwa mbele haoni. Gari hili linakwenda sana njia ya Mto wa Mbu kupanda Engaruka hadi Ziwa Natron, na mwenye kuijua njia ile anajua lile vumbi lake jepesi linaloingia hadi kwenye meno. Mpira ukipasuka tu, vumbi linachanganyika na grisi, na kuanzia hapo boljointi inajisaga yenyewe. Nafuta hii ya zamani kwa kidole... mnaona rangi? Hii siyo grisi tena, huu ni msasa.

Njooni kwenye mpya. Naishika ncha kwa mkono mtupu, naisukuma. Inakwenda, lakini kwa shida, taratibu, na popote ninapoiachia inabaki palepale. Hicho ndicho ninachokipenda kupita vyote kwenye hii 555. Ugumu wake ni uleule kila upande, hakuna sehemu inalegea, hakuna sehemu inakwama. Sasa hii hapa ya tatu, sitaitaja jina kwa sababu haina jina la maana, boksi lake limeandikwa maneno makubwa tu. Ilinunuliwa na mteja kwa bei ya kutupa. Naishika, naiinamisha... imeanguka yenyewe! Mpya kutoka kwenye boksi, na ncha inaanguka kwa uzito wake. Narudia mwone kwamba sifanyi mchezo. Imeanguka tena. Na mpira wake ukiuvuta pembeni kidogo, midomo yake haikai kwenye mfereji, vumbi lina mlango wazi. Kitu kama hiki kinaniudhi sana, kwa sababu mwenye duka anajua, na atakayelala njiani na watoto usiku ni mwingine.

Kwa hiyo ukienda dukani, iwe Gerezani kule Dar, iwe hapa Arusha, iwe Kirinyaga Road kule Nairobi, usilipe kabla hujaifungua. Itoe kwenye boksi, sukuma ncha. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye boksi peke yake, maana maboksi ya 555 yanaigwa kila kukicha. Na angalia upande! Hii ya Surf ina mkono wake wa usukani humohumo, tairodi, ile fimbo ya usukani, inafungwa hapa, kwa hiyo ya kulia haiingii kushoto. Nenda na namba ya chesisi, acha mwenye duka atafute kwenye katalogi.

Kufunga sasa. Raha ya gari hili ni kwamba hauhitaji mashine ya kukandamiza. Boljointi ya juu ndiyo inayosumbua, ile imeshindiliwa ndani ya chuma. Hii ya chini ni bolti nne, nati moja kubwa, na nati ya tairodi. Mtu yeyote mwenye boksi spana nzuri na nyundo anaweza.

Inua pande zote mbili, nimeshasema, kwa sababu ukiinua mmoja ile stebilaiza, chuma kinachounganisha mikono ya pande mbili, inausukuma mkono na utahangaika. Springi isikutishe, imefungwa pamoja na shokapu, haitaruka. Toa tairodi, na hapo tumia pula, kile chombo cha kuvutia, usitumie ule uma wa kugongea kama tairodi bado unaitaka, utachana mpira wake. Fungua bolti nne. Chuma kinachobeba habu kikiachia kifunge na kamba, kisivute nje, usije ukachomoa shafti ya gurudumu au kukata mpira wa breki na waya wa ABS. Kisha ncha. Legeza nati bila kuitoa yote, halafu piga nyundo hapa, ubavuni mwa jicho la mkono. Siyo kwenye ncha! Ubavuni. Moja... mbili... umesikia huo mlio? Imeachia. Chuma kinashtuka, mshiko wa koni unafunguka. Ukiwa na pula ya boljointi ni tamu zaidi na majirani watakushukuru.

Ya kurudishia ni hivyohivyo kinyumenyume, ila mambo mawili sitaki muyapuuze. Zile bolti nne weka mpya na gundi ya nyuzi, kisha kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm (nyutonimita) 80. Nati kubwa ya chini, Nm 140. Na kama tundu la spliti pini, ile inayozuia nati isijifungue, halijalingana, usilegeze nati kurudi nyuma ili pini ipite. Unaendelea kukaza mbele hadi litokee. Nimeona magari ambayo boljointi ilikuwa mpya kabisa na bolti zimejilegeza kwa sababu fundi alikaza kwa kukisia na mkono wake. Ukimaliza, pitisha alaimenti, hata kama usukani unaona umenyooka.

Watu wa Mkonga, zile Land Cruiser za 70, mko hapa? Nawasikia mnacheka, "Sisi hatuna boljointi." Kweli, mbele yenu ni ekseli nzima, na kwa hilo nawaheshimu. Lakini zile beringi za juu na chini mnazipandisha mlima mkiwa na grisi imechanganyika na oili inachuruzika kwenye tairi, na usukani unatetemeka mkifika spidi themanini. Zamu yenu inakuja, msiwe na haraka.

Bei. Najua ndiyo mlikuwa mnaingojea. Orijino ya Toyota inaumiza, sitawadanganya, na bei yake inapanda na dola. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema kwenye chaneli hii kwamba kwa boljointi ya chini, orijino au usifunge. Leo nimeishika hii 555, nimeisukuma, nimeipima na mpira wake, na nasema kwa Surf ya kutembea mjini na safari za kawaida, naifunga kwenye gari la mama yangu bila wasiwasi. Gari la kubeba wageni, lenye ngao ya chuma mbele, winchi na tangi la ziada? Hapo bado nasema orijino, na mpira uwe unachunguliwa kila linaporudi safari. Ile ya tatu, hata ukipewa bure, usiipokee.

Kidogo kuhusu chaneli. Video sasa zitakuwa zinatoka Jumamosi asubuhi badala ya Jumatano jioni, maana wengi mmeniambia mnazitazama mkiwa chini ya gari lenu. Mkishafunga, tembeeni wiki moja, mrudi chini na toki renchi mzikague zile bolti nne. Mwenye swali aandike modeli ya gari na mwaka wake, siyo "kaka gari langu linagonga" peke yake, siwezi kulitibu gari nisilolijua. Dogo, lete ile ya kushoto tumalizie. Jumamosi ni beringi za Mkonga.