Mazoezi ya tahadhari kwenye wingu: umeme ukicheza, umefeli

Nianze na kilichonichefua. Simulesheni hii ya kufundishia utoaji wa tahadhari za hali ya hewa, inayoendeshwa kwa mtandao kwenye seva za mbali (ndilo "wingu" lenyewe), inarusha data za dhoruba iliyokwishapita kana kwamba inatokea sasa hivi: rada kila dakika tano hivi, setilaiti kila dakika 15, nawe ndiye uko zamu. Safi. Sasa mtandao ukikatika, saa ya zoezi haisimami! Majuzi umeme ulicheza hapa Dodoma, ruta ikazima. Kurudi hewani, wingu la mvua la dBZ 55 (kipimo cha rada; hiyo ni mvua kali) limeshapita, poligoni, yaani mchoro wa eneo la tahadhari, iliyochorwa nusu imefutika, na ripoti inasema tahadhari imechelewa. Imechelewa!

Kuwaandikia wenye simulesheni, jibu: "Nunua kifurushi kikubwa." Dharau tupu. Seva iko ng'ambo. Kila ukibofya, amri inasafiri mpaka huko ndipo picha irudi. Mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio unaoua, na hakuna kifurushi kinachoufupisha. Ukizungusha picha 12 za rada mfululizo kama video ndiyo kabisa: skrini inabadilika muda wote, kipanya kinajikokota, kona ya poligoni uliyoikusudia Mpwapwa inaangukia Kongwa.

Anayelazimika kuitumia simulesheni hii achomeke kebo, aachane na waifai. Picha za kuzungusha ziwe nne, tabaka la radi lifungwe kama halihitajiki, na rasimu ihifadhiwe kila ukiweka kona, maana haijihifadhi. Halafu saa yao ni UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu: 1200 kwetu ni saa tisa alasiri. Ukinakili "saa 12" kwenye tangazo, watu wa Gulwe watasubiri saa kumi na mbili jioni maji yaliyotangulia kwa saa tatu.

Nilishaamua kuandika "msilipe hata senti". Kinachonizuia ni kimoja: humu huwezi kupaka rangi ya ngazi ya tahadhari, njano, chungwa wala nyekundu, kabla hujapima uwezekano na athari, kila kimoja peke yake. Milimita 50 kwa saa 24 kwenye mbuga isiyo na watu si sawa na milimita hizohizo zikiingia Mto Kinyasungwe, kuelekea reli ile iliyozolewa na mafuriko kati ya Gulwe na Kilosa mwanzoni mwa 2010. Darasani hilo tunaliimba tu. Humu linakukaba huku dakika zinakwenda, na sijaona zoezi la karatasi linaloweza hivyo.

Basi lipeni, ila kwa mwezi, si kwa mwaka, na mkataba utamke kwamba mtandao ukikatika saa inasimama. Wakikataa, waachieni seva zao.